Sahani ya Harasym Aliye Hai

Paraska Bodnarchuk alikuwa na nusu nyumba. Usidhani ni nyumba ndogo, au chumba kimoja na ukumbi. Ilikuwa nyumba kubwa ya mbao ya marehemu baba yake, iliyokatwa kwa msumeno kutoka paa mpaka sakafu kama unavyokata mkate. Nusu moja ilibaki naye pale pale Dolynka, katika tambarare za Saskachewani, na nusu ya pili ikaburutwa na matrekta mawili juu ya theluji, maili nane, mpaka shambani kwa mdogo wake, Harasym. Pale ulipopita msumeno Paraska alipigilia mbao na karatasi ya lami. Ngazi za ndani zilikwenda na nusu ya Harasym, na vyumba vya juu vikabaki na Paraska. Basi dada akawa na ghorofa asiyoweza kuifikia ila kwa ngazi ya kuegemeza, na kaka akawa na ngazi nzuri zinazopanda, zinapanda, zinagonga dari, basi. Paka wa nyumba alikuwa amelala katikati ya mstari siku ile. Mkia ukaenda kwa Harasym, kichwa kikabaki kwa Paraska, na kichwa kile kilikunywa maziwa miaka minne zaidi. Anayebisha aende Dolynka akawaulize panya.

Aliyewatia watoto wale katika ugomvi ni baba yao mwenyewe, Tanasko. Mwaka 1954, akiwa kitandani na pumzi zake za mwisho, aliwaita wote wawili akasema, "Nyumba ni yenu sawa kwa sawa, na asiuze mtu." Kisha akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza meno yake kuonekana bila kuwa yanauma kitu. Akafa na tabasamu hilo, wanawake wa kanisani wakajaribu kulifuta kwa maji ya moto, likagoma, wakamzika nalo.

Mwaka mzima ndugu hao walizozana.

"Mimi ndiye niliyemuogesha mzee miaka kumi na moja," alisema Paraska, ambaye hakuolewa.

"Na mimi ndiye niliyepigwa kwa ajili yenu nyote," alisema Harasym.

"Haya, chukua nusu yako uondoke nayo, kama kweli wewe ni mwanamume!"

Paraska alisema kwa hasira tu, kama watu wanavyosema. Jumatatu yake Harasym alikuja na msumeno. Siku tatu ulilia msumeno ule mpaka ng'ombe wa jirani wakakauka maziwa. Siku ya nne, nusu ya nyumba ilipoanza kuteleza juu ya magogo, Paraska alisimama kwenye lile tundu kubwa, upepo ukimpuliza sketi, akapiga kelele iliyosikika mpaka stesheni:

"Kwangu umekufa, Harasym! Na nitakulisha kama maiti!"

Na akafanya hivyo.

Kwa watu wa Dolynka, wanaofuata kalenda ya zamani ya kanisa lao, mkesha wa Krismasi ni tarehe sita Januari, na hakuna anayetia kitu mdomoni mpaka nyota ya kwanza ionekane. Mezani kuna vyakula kumi na viwili visivyo na nyama wala maziwa, nyasi kavu chini ya kitambaa, na sahani kwa ajili ya wafu wa nyumba hiyo. Kabla ya kukaa unapuliza kiti, pfuu, usije ukamkalia aliyetangulia. Paraska aliweka sahani ya mama yake, Yevdokia, aliyekufa yeye akiwa binti wa miaka kumi na minne. Akaweka ya Tanasko, mbali na visu. Halafu akaweka ya tatu, upande wa mkono wake wa kulia, akaijaza, akasema, "Karibu, marehemu Harasym." Na Harasym wakati huo alikuwa hai, ana mke, ana mtoto wa kike, ana ng'ombe kumi na sita, na pengine alikuwa anapiga chafya.

Mtu anaweza kumtukana ndugu yake. Anaweza kumfungulia mbwa. Lakini kumwita aje kula na wafu na hali bado anapumua, hilo hata jina halikuwa nalo pale Dolynka, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya.

Mwaka ule ule wa kwanza, Paraska alipopeleka mdomoni kijiko cha ngano ya asali, alisikia hatua. Hazikutoka mlangoni. Zilitoka ng'ambo ya ukuta wa mbao, mahali palipokuwa na ukumbi zamani na sasa pana hewa na theluji tu. Mtu alikuwa anatembea juu ya sakafu isiyokuwepo. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili ukaburuzwa. Ukanyago, mburuzo. Ukanyago, mburuzo. Zikaja mpaka kwenye karatasi ya lami, zikasimama. Kisha mtu huyo akabisha mara tatu, polepole, kama anayebisha na mkono uliokufa ganzi.

Paraska hakumeza. Asubuhi alizunguka nje. Theluji ya upande ule ilikuwa nzima, haina hata alama ya ndege. Ndani, sahani ya Harasym ilikuwa baridi kiasi cha kunasa ngozi ya vidole.

Mwaka uliofuata zikaja tena. Na uliofuata. Mara kumi na nane. Angeweza kuacha kuiweka ile sahani, hatua zikaacha kuja. Ukimuuliza angekwambia ni hasira, haijaisha. Lakini mtu mwenye hasira hakuchagulii maandazi ya viazi yaliyonona kuliko yote sufuriani akakupangia mviringo, ukingo kwa ukingo, kama Paraska alivyompangia Harasym kila mwaka. Na mguu ule unaoburuzwa aliujua. Aliujua vizuri mno.

Ilikuwa Januari ya 1926. Baridi ya mwaka ule, kivuli cha ng'ombe kiliganda ukutani mwa banda, ng'ombe akaenda zake kivuli kikabaki mpaka Machi. Paraska alikuwa na miaka kumi na sita, Harasym kumi na minne. Jioni moja lango la banda lilibaki wazi, farasi jike wa Tanasko akatoka, akakutwa amesimama wima shambani, amekufa, macho wazi. Tanasko alikuwa amekunywa gongo. Alimvua Harasym koti, akampiga kwa mkanda, akamtupa nje. "Kamfanyie farasi wangu matanga!" Kisha akamgeukia Paraska: "Tia komeo."

Paraska akatia komeo. Harasym akabisha. Mara tatu, halafu mara tatu tena, halafu akaacha. Alitambaa mpaka kwa jirani, na vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilibaki katika beseni la jirani huyo.

Hayo yote kila mtu Dolynka aliyajua. Ambalo halijulikani, ambalo Paraska alilala nalo na kuamka nalo miaka arobaini na minane, ni kwamba lango hakuliacha wazi Harasym. Aliliacha yeye.

Asubuhi ya tarehe sita Januari, 1974, pikapu ilisimama nje ya nusu nyumba. Alishuka Natalka, binti wa Harasym, mwanamke wa miaka thelathini na mitano anayepika katika kantini ya hospitali huko Saskatuni. Walikuwa hawajaongea tangu Natalka akiwa msichana wa shule.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenenepa, vizuri. Nani amekufa?"

"Bado." Natalka hakuvua hata glovu. "Baba hali kitu. Kila mwaka ikifika mkesha anakuwa baridi kama chuma, chakula hakimpiti. Anasema kina ladha ya unga wa mbao. Kesho yake anaamka mzima. Lakini mwaka huu imeanza Novemba na haijaondoka. Daktari amempima kila mahali, anasema haoni kitu. Amebaki fremu, shangazi. Fremu na masharubu."

Paraska alikuwa anakanda unga. Akaendelea kukanda.

"Na amesikia kuhusu ile sahani," akasema Natalka. "Wanawake wa kanisani wamemwambia. Amenituma. Anasema, nenda ukamwambie ainue sahani yangu mezani."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Inua sahani, shangazi. Unashindwa nini?"

Paraska aliutazama ukuta wa mbao. Kuinua sahani ni kazi ya mkono mmoja. Lakini yule anayekuja kila mwaka atafika, atabisha, na safari hii atakuta hata chakula hakuna. Itakuwa ni kutia komeo mara ya pili. Na asipoinua, Harasym atakufa kwa kulishwa naye. Aliona wazi kwamba kuna njia ya tatu, na njia hiyo inapita mdomoni mwake.

"Nipeleke," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye nusu yangu ya pili. Ngoja nivue aproni."

Harasym alikuwa kwenye kiti karibu na jiko la kuni, chini ya zile ngazi ziendazo darini, amefunikwa mablanketi matatu. Paraska alimtafuta ndani ya mablanketi kabla ya kumwona. Natalka akapita jikoni, akaanza kuosha vyombo kwa kelele, kama watu wanaosikiliza wanavyoosha.

"Umekuja kunizika?" akauliza Harasym.

"Nimekuja kuangalia kuta zangu. Umezipaka rangi ya kinyesi cha kuku."

"Nilipaka nikikukumbuka wewe. Vua viatu, unaniletea theluji."

Akavua. Akakaa. Hakupuliza kiti, na Harasym akaliona hilo.

"Sahani yangu unaiweka upande gani?"

"Mkono wangu wa kulia."

"Na ya mzee?"

"Mwisho kabisa, penye upepo."

"Afadhali." Akavuta pumzi, kifua kikalia kama mlango mbovu. "Unaniwekea nini?"

"Kila kitu. Maandazi nakuchagulia mwenyewe."

"Hayafiki, dada. Huku kwangu unafika unga wa mbao."

Alikuwa hajamwita dada tangu siku ya msumeno. Paraska alihisi neno lile likimchoma mahali pasipofikika kwa mkono. Angeweza kuondoka pale pale. Angesema nitainua, angeinua, mdogo wake angekula, wangekufa wazee wote wawili na siri ingefuata jeneza lake.

"Nitainua," akasema. "Lakini nina neno."

"Sema."

"Lango la banda. Siku ya farasi. Ni mimi."

Kuni zikapasuka ndani ya jiko.

"Lango gani?"

"Unalijua lango gani. Nilitoka wa mwisho na ndoo mbili. Nikasema nitarudi kulifunga. Nikasahau."

"Na ulikuwa umekaa pale, mzee ananichapa."

"Ndiyo."

"Unamenya viazi."

"Namenya viazi. Halafu akasema tia komeo, nikatia. Halafu akalala, Harasym. Hakuchukua muda, alikuwa anakoroma. Ningeweza kufungua. Nilikusikia unabisha, nikahesabu."

"Ulimwogopa."

"Nilimwogopa." Paraska alitazama mikono yake iliyokuwa bado na unga. "Na nilifurahi. Kidogo. Kwamba siyo mimi niliye nje."

Vyombo jikoni vilikuwa vimenyamaza.

Harasym aliposema, sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepoteza njia katika shamba lake mwenyewe.

"Lakini mimi nakumbuka. Nakumbuka nikiliacha wazi. Naliona kabisa, naona mkono wangu unatoka kwenye chuma cha lango."

"Mzee alikukumbusha kwa mkanda."

"Miaka arobaini na minane," akasema Harasym. "Kila siku ya Mungu nalikagua lango mara tatu. Nikiwa na homa. Siku ya harusi yangu. Siku ya kumzika mke wangu niliwaacha watu makaburini nikarudi kuangalia lango."

"Na mimi ulinipiga," alisema Natalka.

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono inadondosha povu. Alisema taratibu, kama anamkumbusha mtu kitu alichosahau dukani. "Kwa lango, baba. Nilikuwa na miaka tisa. Na ng'ombe hata hawakuwa wametoka. Ulinipiga ukawa unalia, ukisema unataka nikumbuke."

Harasym akamgeukia binti yake. Akamtazama, akamtazama, na uso wake ukafanya kitu ambacho Paraska alikuwa amekiona mara moja tu, kwenye uso wa mvulana wa miaka kumi na minne kabla mlango haujafungwa. Kisha akasema bila kumwangalia dada yake:

"Paraska, toka nyumbani mwangu."

"Harasym..."

"Toka. Na sahani usiiweke. Nikija kula kwako nitakuja mwenyewe, na vidole vyangu saba. Nisipokuja, ujue sijaja. Natalka, mrudishe shangazi yako." Akavuta blanketi. "Kisha urudi, mwanangu. Nakuomba urudi. Nina mambo ya kukuuliza."

Njiani waliona theluji na nguzo za simu, nguzo na theluji. Karibu na Dolynka Paraska akasema, "Ilinipasa kusema mapema, najua."

"Hujui, shangazi," akajibu Natalka, macho barabarani. "Ungesema, ningekuwa mtu mwingine."

Akamshusha, akageuza gari.

Saa kumi na moja jioni nyota ya kwanza ilitokea juu ya ghala la ngano. Paraska alikuwa ameandaa. Sahani ya Yevdokia, sahani ya Tanasko, ya kwake mwenyewe. Mkono wa kulia kitambaa kilikuwa kitupu, nyasi zimevimba chini yake kama mtu aliyejifunika shuka. Akawasha mshumaa. Akapuliza kiti, akakaa, akachota ngano ya asali, akangoja.

Hazikuja.

Akashusha kijiko, akainua tena, labda hakuinua vizuri. Alitega sikio la kushoto, akatega la kulia. Nje upepo ulikuwa umesimama. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ikatwe hapakuwa na mtu ng'ambo ya mbao zile, na Paraska aligundua kwamba kumbe hakuwahi kuwa peke yake katika nyumba hiyo mpaka jioni hiyo. Hata Yevdokia hakuwepo. Hata Tanasko, mlafi yule, hakuja. Ukimya ulikaa kwenye kiti cha kulia, ukaweka viwiko mezani.

Akawaza: kama hajaja, basi amekula. Halafu akawaza: kama hajaja, basi amekufa kweli, na wafu wa kweli bado hawajui njia. Mawazo yote mawili yalikuwa na uzito mmoja, na hakuna aliyemwambia lipi ni lipi.

Akainuka. Akaenda mpaka kwenye ukuta wa mbao, akaweka shavu kwenye karatasi ya lami, baridi ikamuuma. Akabisha. Mara tatu.

"Harasym?"

Ng'ambo kulikuwa na shamba tu, jeupe, linakwenda mpaka linakoishia.

"Harasym, ni mimi. Niko huku."

Akabisha tena. Akahesabu, kama alivyohesabu zamani, ila sasa alijua mwenye kuhesabu nje anahesabu nini. Hakula. Mshumaa ulipoisha aliketi sakafuni, mgongo kwenye mbao, koti mabegani.

Palipokucha pikapu ilikuja. Paraska alifika dirishani kabla haijasimama, akahesabu vichwa. Kimoja. Akafungua mlango, asiweze kuvuka kizingiti.

"Amekufa?"

"Amekula," akasema Natalka.

"Amekula nini?"

"Supu ya bitiruti na viazi."

"Siku ya mkesha? Vyakula viwili tu?"

"Shangazi, sikuja na jeshi la wapishi. Amekula kama mashine ya kupuria. Amekomba sufuria kwa kidole." Akaingia, akaanguka kwenye kiti cha kwanza, koti bado mwilini. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Kisha akaniuliza ni mara ngapi."

"Mara ngapi nini?"

"Alinipiga. Kwa lango, na kwa mambo yanayofanana na lango. Nikamwambia, maana ninazijua zote. Akataka kila moja. Ilikuwa majira gani, nilivaa nini, nilisema nini. Mimi nasema, yeye anaitikia, 'Na hiyo pia.' Nasema nyingine. 'Na hiyo pia.' Mpaka zikaisha."

"Alilia?"

"Hapana. Alikuwa anazipokea."

Paraska alisimama katikati ya nusu nyumba yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

"Nilimuuliza. Nikasema, je, shangazi? Halafu akasema, 'Sijui.'"

"Sijui?"

"Sijui."

"Sijui ya kunifukuza, au sijui ya kufikiri?"

"Sijui tu, shangazi."

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu."

Paraska akakaa. Miaka kumi na minane Harasym alikuwa anajua barabara juu yake, na yeye juu ya Harasym, wote wawili wana uhakika wa chuma. Sijui. Alilizungusha neno hilo mdomoni. Lilikuwa na ladha. Halikuwa tamu, lakini halikuwa unga wa mbao.

Kisha akamwona yule mwanamke aliyekaa mbele yake na koti lake na macho yake mekundu, ambaye hakuwa amezaliwa siku lango lile lilipobaki wazi, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza neno.

"Na wewe, mwanangu? Wewe unasemaje juu yangu?"

Natalka alifikiri.

"Mimi nimechoka," akasema. "Nipe chai."

Paraska akachochea jiko, akachemsha chai, akatia asali nyingi kuliko alivyoombwa. Natalka alikunywa nusu kikombe, akalaza kichwa juu ya mkono wake pale mezani, akasinzia mdomo wazi, anakoroma kidogo. Paraska alikuwa na kuni za kupasua, na kuku walikuwa wanampigia kelele. Alibaki ameketi vile vile, hakujinyoosha hata mgongo uliokuwa unamuuma, kwa sababu kiti chake kilikuwa kinalia kikitikiswa.